Mume Wangu Aliyeshikamanisha Kioo na Plastiki

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, asanteni kwa kuja kumsindikiza mume wangu. Haya ndiyo maisha yake, na nimeyaandika mimi mkewe kwa mkono wangu. Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma madarasa matatu nikatolewa, na kuandika kwangu ni kwa kusukuma. Binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu, alikuwa ameshaandika wasifu wake mzuri wenye nukta na mkato kila mahali. Niliusoma taratibu mpaka mwisho. Nikaona Mkemia wa kiwandani yumo kuanzia juu hadi chini, na mimi nimetajwa mwishoni tu, kwenye orodha ya walioachwa, kama kabati.

Nikaikunja ile karatasi. Nikamwambia, "Lete nyingine safi."

Akasema, "Mama, usikasirike. Watu wa kiwandani wanasema Mkemia ndiye aliyemjua baba kuliko mtu yeyote. Wameomba azungumze makaburini."

Nikamwambia, "Aliyemjua baba yako ndiye aliyekuzaa wewe. Nitaandika mimi, na wewe utasoma neno kwa neno, hata pale usipopapenda."

Basi anayewasomea ni yeye. Kama sauti yake inakwama mahali, mjue ni hapo asipopapenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake. Baba yake alikuwa seremala na mama yake mshonaji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na katika hao amebaki dada yake mdogo, yule pale aliyeshika leso. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinisimulia kwamba mtoto huyu hakuacha kitu kilichobandikwa kikae kwa raha. Karatasi za chupa alizibandua. Rangi ya dirisha aliichokoa kwa ukucha. Siku moja alibandua soli ya kiatu cha baba yake ili aone gundi imekaa vipi, na baba yake akaenda kanisani na kiatu kinachopiga makofi. Alichapwa. Lakini mama mkwe alisema kuwa hata akiwa analia alikuwa bado anaichungulia ile soli.

Alianza shule Januari 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba. Hakuendelea, kwa sababu baba yake aliumia mkono na msumeno mwaka huohuo na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta mkate. Akiwa na miaka kumi na sita alipokelewa kwenye gereji ya kupiga magari rangi. Huko alifundishwa kwamba kupaka rangi ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kusugua kwa msasa, kuosha, kufuta mafuta, kukausha, na kutogusa tena kwa kidole. Alikaa hapo zaidi ya miaka ishirini.

Najua kwamba katika wasifu kazi huandikwa yote kwanza, kisha ndoa. Mimi naanza na ndoa, kwa sababu nilikuja kabla ya kiwanda, na kabla ya Mkemia. Nataka hilo lieleweke.

Mwaka 1970 nilikuwa nafanya kazi kwa dobi, ng'ambo ya barabara, tukitazamana na gereji yao. Shuka zangu nilizianika nyuma ya ukuta, lakini upepo ukivuma, vumbi la rangi lilipanda juu na kuja kunitulia shukani. Asubuhi moja nilizikuta shuka za hoteli nzima zina unga mwekundu. Nilivuka barabara na shuka moja begani nikamkuta kijana mrefu, amejifunga kitambaa puani.

Nikamwuliza, "Hii ni shuka au ni gari?"

Akavua kitambaa. Akasema, "Dada, hiyo rangi haijashika. Imekauka ikiwa hewani. Ikung'ute tu."

"Nikung'ute mimi? Aliyechafua ni nani?"

Akaichukua, akaenda nayo nje, akaikung'uta. Ikatoka nyeupe. Akaja akakung'uta na zilizobaki, zote, mbele ya mafundi wenzake waliokuwa wanamcheka na kumwita bibi harusi. Toka siku ile, upepo ukigeuka tu namwona anavuka.

Alipokuja kuniposa alikuja peke yake. Baba yangu alitazama nyuma yake, akatazama barabarani, kisha akamwuliza, "Mshenga wako yuko wapi?" Akajibu, "Mzee, sina. Maneno yenyewe ni machache, nimeona niyabebe mwenyewe." Baba alinuna siku mbili, halafu akacheka. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Juni 1971. Mungu akatujalia watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume.

Sasa nafika kwenye kiwanda. Marehemu aliajiriwa Machi 1984 katika kiwanda cha lenzi za miwani, lile jengo refu lenye madirisha ya juu, nyuma ya kituo cha umeme. Wengi mnajua kwamba alifanya kazi huko lakini hamjui alikuwa anafanya nini. Mimi nitawaambia, kwa sababu nimelishwa kazi hiyo mezani kwangu pamoja na chai miaka yote.

Miwani ya zamani ilikuwa ya kioo. Ilikuwa mizito, na ikianguka imekwisha. Wakaja na plastiki. Plastiki ni nyepesi na haivunjiki, lakini ukiifuta kwa shati inachubuka, na baada ya muda unaona dunia kwenye ukungu. Kwa hiyo kiwanda kinaivalisha plastiki nguo nyembamba ya kitu kilicho kama kioo. Nyembamba kiasi kwamba unywele wangu huu ni gogo ukiuweka kando yake. Lenzi inaoshwa, inachovywa kwenye maji ya dawa, inavutwa juu polepole, tena polepole kweli, halafu inaingia kwenye tanuri lenye joto la wastani. Ikitoka ina ngozi ngumu. Ukivuta kwa pupa, ngozi inakuwa nene, na ikiwa nene inapasuka, maana plastiki ikipata joto inatanuka na kioo hakitaki kutanuka nayo.

Tabu ni kwamba plastiki haipendi kushikwa na kitu. Ina uso mtelezi. Na kioo nacho kina maringo. Ukiwaweka pamoja hivihivi, watakaa siku chache kwa heshima, halafu kioo kitabanduka magamba magamba. Mwaka 1986 ndivyo ilivyokuwa. Miwani ilirudishwa kwa makasha. Mama mmoja aliileta miwani ya mtoto wake inayobambuka kama kitunguu, akaiweka mezani kwa meneja na kumwuliza kama mtoto aivae au aikaange. Wakawa wanazungumza kufunga kile chumba cha kuchovya, na mume wangu ndiye alikuwa wa chumba hicho.

Ndipo kiwanda kilipomleta Mkemia.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, ametoka kusoma mbali, nywele fupi, maneno ya haraka, kalamu imechomekwa sikioni kama fundi seremala. Nasema mapema kwamba alikuwa anaijua kazi yake. Wivu wangu haujawahi kunifanya kipofu. Alipima maji. Alipima tanuri. Alipima hewa ya chumba. Kisha akamshika mume wangu mkono akaunusa.

Watu wa kiwandani mliopo hapa mnajua kwamba sisemi uongo. Mtasema alinusa mikono ya mafundi wote. Mimi naulizia wa kwangu tu.

Mikono ya mume wangu iliharibiwa na dawa za gereji. Ilikuwa inapasuka mpaka kutoka damu. Kila asubuhi, kabla hajatoka, nilikuwa namkalisha kwenye kiti cha jikoni na kumpaka mafuta, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kifundo. Huo ulikuwa wakati wetu. Watoto wamelala, maji yanachemka, yeye amenipa mikono yote miwili. Jioni ya siku ile aliyonuswa akarudi, akaketi, akasema, "Mama watoto, kuanzia kesho usinipake mafuta."

Nikamwuliza, "Kwa nini? Yameoza?"

"Mkemia amesema yanaingia kwenye lenzi. Navaa glavu nikiwa na mafuta mikononi, nazishika kwa nje, halafu nashika lenzi. Panapoguswa na mafuta, ngozi haishiki."

"Mkemia."

"Ndiyo."

"Yeye ndiye ameona mikono yako ina mafuta."

"Amenusa."

Nikamwambia, "Mimi nimeipaka mikono hiyo miaka kumi na mitano. Yeye ameinusa mara moja, na ndiye anayesikilizwa?"

Akasema, "Mke wangu, si mimi ninayekataa. Ni plastiki."

"Basi mwambie plastiki ije ikupikie."

Kwa kweli, alipoacha mafuta, kubanduka kulipungua. Hilo nalikubali. Mafuta yangu hayakuwa na kasoro yoyote, yalikuwa mafuta mazuri, na mikono yake ilikuwa laini kama ya karani. Plastiki ndiyo ilikuwa na shida. Lakini kupungua si kwisha, na Mkemia akasema bado kunahitajika kitu cha kukaa katikati. Wakawa wanabaki baada ya kengele kulizungumza hilo. Mume wangu akija nyumbani ni Mkemia kasema hivi, Mkemia kasema vile. Hata usingizini alikuwa anachovya. Mkono unashuka, mkono unapanda polepole. Mimi nimekaa kitandani namtazama.

Halafu siku ya Jumatano akaja dereva wa kiwanda, yule tuliyemwita Tarumbeta kwa sababu hajui kusema kwa sauti ndogo. Mume wangu alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Tarumbeta hakushuka hata garini. Alipiga kelele kutoka barabarani, majirani wote wakisikia:

"Shemeji! Mwambie mzee, Mkemia anasema mshenga amefika! Kesho awahi, wanamsubiri yeye tu waanze!"

Akaondoka na gari lake.

Naomba mnielewe. Mimi niliposwa bila mshenga. Baba yangu alitazama barabarani asione mtu. Na sasa, baada ya miaka kumi na mitano na watoto watatu, mwingine analetewa mshenga kwa gari la kampuni. Jirani yangu aliyekuwa anapepeta alisimamisha ungo hewani. Mimi nikamwambia, "Pepeta, dada. Hayakuhusu."

Mume wangu aliporudi sikumwambia lolote. Asubuhi nikamwacha atangulie. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, lile la bluu, nikajifunga kilemba cha kutisha, nikaenda kiwandani kwa miguu. Getini nilimkuta mlinzi, mzee mwenye meno machache.

Nikamwambia, "Nimekuja kumwona mshenga."

Akanitazama kuanzia kilemba. "Mshenga yupi, mama? Wa jana?"

"Kwani wako wangapi?"

"Ni huyohuyo mmoja. Yuko stoo."

"Mmemweka mgeni stoo?"

"Sasa tumweke wapi? Meneja kasema asikae karibu na moto, na asiingiwe na unyevu. Yuko kwenye pipa, tumemfunika vizuri."

Nikamwuliza, "Baba, mshenga yuko kwenye pipa?"

"La bluu," akasema, "lenye kizibo."

Nilidhani amelewa. Nikampita. Nikafuata ukuta mpaka kwenye chumba chenye kioo kikubwa, na hapo nikamwona mume wangu amevaa koti jeupe na kofia kama ya kuogea, na Mkemia kando yake, wameinamia sinia la lenzi, vichwa vinakaribia kugusana. Nikagonga kile kioo kwa pete yangu ya ndoa. Wote wawili wakaruka.

Mume wangu akatoka. "Mama watoto! Kuna msiba?"

"Haujawa bado," nikamwambia. "Mshenga yuko wapi?"

Mafundi waliokuwa ndani walianza kucheka mmoja mmoja, kisha wote. Mume wangu aliinamisha kichwa akawa anatikisika mabega, na mimi nikazidi kuwaka. Mkemia peke yake hakucheka. Aliniletea kiti. Nikakataa kukaa. Akasema, "Mama, njoo nikuonyeshe mshenga. Jina hilo wamelitunga mafundi, na ni jina zuri kuliko la kwenye vitabu."

Akanieleza, na alinieleza vizuri, kama mtu anayemweleza mtu. Alisema ni dawa ya kupaka kwanza, kabla ya ile ya kioo. Kila punje yake ina mikono miwili. Mkono mmoja unajua lugha ya plastiki, mwingine unajua lugha ya kioo. Inamshika huyu huku na yule kule, nayo yenyewe haionekani tena. Bila hiyo wale wawili hawana cha kuambiana.

Kisha akachukua lenzi mbili, moja ya zamani na moja ya mshenga, zote zimeshavishwa. Akazichanja kwa wembe vistari vya kwenda na vya kukatisha, vidogo kama karatasi ya hesabu. Akabandika selotepu juu, akaisugua kwa ukucha. Ya kwanza akaivuta mwenyewe. Selotepu ilitoka na vipande vidogo vinavyometa kama magamba ya samaki. Ya pili akanipa mimi.

"Vuta, mama. Kwa nguvu."

Nikavuta. Na nguvu ninazo, nimekamua shuka za hoteli. Selotepu ilitoka tupu. Nikasema, "Bandika tena." Akabandika tena. Nikavuta tena. Tupu.

Mkemia akasema, "Umeona, mama? Huyo habanduki."

Nikamwambia, "Nimeona. Na wewe, umeolewa?"

"Bado."

"Basi nimeona zaidi."

Mume wangu ndipo aliponishika mkono akanitoa nje. Tangu siku hiyo mafundi wakaniita Mama Mshenga, na yeye wakamwita Mzee Selotepu, kwa maana alitembea nayo mfukoni na kujaribu kila kitu: meza yangu, mlango, redio, hata paji la uso la kitinda mimba wetu. Sikuomba radhi kwa kwenda kule. Mwanamke anayesikia mshenga amefika akakaa kitako, huyo si mke, ni mpangaji.

Kile chumba hakikufungwa. Miwani ikaacha kurudi. Mwaka 1991 alifanywa msimamizi wa chumba cha kuchovya, na akafundisha vijana wengi ambao nawaona hapa wamekuwa na mvi. Hakumpigia mtu kelele. Lenzi ikibanduka alikuwa anauliza tu, "Umeosha, au umelowesha?" Alifanya kazi na Mkemia miaka ishirini na miwili, mpaka alipostaafu tarehe 30 Septemba 2008. Kwa miaka hiyo yote sikuwahi kumwalika Mkemia ndani ya nyumba yangu. Alikuja mara tatu mlangoni kuleta ujumbe, nikapokea mlangoni. Hakuwahi kunikosea. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache kwangu, na kule nilikuwa nasikia wanazungumza kutwa. Mtu akiwa na maneno machache, unataka kujua yale mengine anampa nani.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, na ulianza kwa kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya dukani, kisha watoto. Daktari alisema ni ubongo unaochoka, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Cha ajabu, kazi hakuisahau. Mgeni yeyote aliyekaa naye barazani alielezwa jinsi ya kuvuta lenzi polepole.

Mwaka 2021 Mkemia alikuja kumwona. Nilimpitisha ndani, kwa sababu mgonjwa ana haki ya wageni. Mume wangu alisimama, akampa mkono kwa adabu, akamwambia, "Karibu, dada. Unamtafuta nani?" Sitadanganya mbele ya kaburi. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaenda jikoni nifurahie huko. Mkemia alikaa naye kidogo, akatoka macho mekundu. Mlangoni akaniambia, "Mama, kuna mambo mzee alikuwa anayasema kazini, ningependa wewe..." Nikamkata. Nikamwambia, "Kama ni ya kazini, yabaki kazini." Akaenda zake.

Miezi michache baadaye mume wangu akaanza kuniita mimi Mkemia.

Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. "Mimi ni mkeo." Alikuwa anahangaika, anainuka, anafungua milango, anamtafuta huyo Mkemia mpaka anachoka na kulia. Binti yetu akasema, "Mama, itika tu." Nikamwambia bora nife. Nikakaa na msimamo wangu wiki nzima. Kisha siku moja mchana, nakunja nguo, akaita, "Mkemia," kwa sauti ya mtu aliyepotea sokoni. Nikaitika. Nikasema, "Naam, mzee."

Akatulia palepale. Akaketi. Akasema, "Leo uniache niondoke kwa wakati."

Nikasema, "Una haraka ya nini?"

"Nataka niwahi ukutani."

"Ukuta gani?"

Akacheka kidogo. "Si nilikwambia? Nikifika nyumbani siingii. Nasimama nje ya ukuta kwanza. Mke wangu huwa anaimba akianua nguo. Nikiingia ananyamaza, anaona haya. Basi nasimama pale mpaka amalize."

Mimi nilikuwa nimeshika shati lake. Miaka yote hiyo alichelewa kidogo kila jioni. Kengele ya kiwanda nilikuwa naisikia, mwendo naujua, na ile nafasi katikati nilikuwa nimeipa jina la Mkemia. Nilimgombeza kwa ajili yake hata kwenye harusi ya mtoto wetu.

Nikamwuliza, "Na yeye mwenyewe umemwambia hivyo?"

Akashangaa. "Nimwambie nini? Anajua."

"Hajui, mzee."

"Anajua. Yule anajua kila kitu. Wewe ndiye nakuambia, maana huna la kufanya nalo." Kisha akasema, "Juzi nilikupa ile ya shuka, eh?"

Nikasema, "Nimeisahau. Nipe tena."

Lakini alikuwa ameshaanza habari za tanuri.

Tangu hapo niliitika kila aliponiita. Alinipa moja leo, na baada ya wiki nusu ya nyingine. Alisema mke wake ana hatua ya mtu mwenye haki. Alisema wakati mtoto wetu wa pili alipougua aliogopa, akamtazama mke wake, akaacha kuogopa. Kisha maneno yakapungua, yakabaki ya lenzi, na mwisho hata ya lenzi yakaisha. Na mimi nikawa na wivu mpya, mkali kuliko ule wa pipa la bluu. Yote hayo alikuwa ameyasema tayari, akiwa na akili zake timamu, sentensi nzimanzima, miaka ishirini na miwili, kwa mtu mwingine.

Tarehe 6 Mei mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, tukamlaza hospitalini, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Wauguzi walimtunza vizuri na nawashukuru. Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Nilikuwepo. Hakuniita jina lolote. Alinitazama, nami nikamwimbia kwa sauti ya chini, bila haya, mpaka muuguzi akanigusa bega.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni mimi. Ameacha watoto watatu: mwalimu anayewasomea, dereva wa lori aliyesafiri usiku kucha kufika, na kitinda mimba wetu mshonaji. Ameacha wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake.

Pia amemwacha Mkemia. Binti yangu aliniuliza tumwandike wapi, kwa kuwa si ndugu wala si jirani. Nimemwandika hapa, baada ya dada mtu, na nimemwandika kwa hiari yangu, si kwa ombi la kiwanda. Hatazungumza leo. Leo ni zamu yangu na sikumwachia nafasi. Lakini tukitoka hapa, asipande gari la kiwanda. Aje nyumbani, apite mlangoni, akae. Alimsikiliza mume wangu miaka mingi, na katika aliyoyasikia yamo yaliyo yangu. Nayataka yote, hata aliyoyasikia nusu, hata aliyoyasikia akiwa na shughuli. Kuanzia na ile ya shuka. Nitakaa kimya, sitamkata.

Mume wangu ameshasema yake, na sasa apumzike kwa amani. Mimi na Mkemia bado.